Laptopu ya bei ya chini au ya bei ya juu? Uliza kilichomo ndani kwanza

Kila barua za kuitwa vyuoni zinapotoka, simu yangu haitulii. Mzazi wa Kisauni, mjomba wa Malindi, dada aliyeko Jeddah anayemsomesha mdogo wake, wote huja na swali moja: "Ninunue laptopu gani?" Na aghalabu swali lenyewe huja limeshapasuliwa vipande viwili. Ama nichukue ile mpya ya bei ya chini, maana pesa zenyewe ndizo hizi. Ama nijifunge kibwebwe ninunue ile ya laki na zaidi, maana cha bei ndicho hudumu.

Mimi naona swali limepasuliwa mahali sipo. Nimeona laptopu ya shilingi 28,000 ikimfikisha kijana hadi siku ya kuvaa joho, na nimeona mpya ya 40,000 ikichosha kabla ya muhula wa pili kwisha. Tofauti ilikuwa ndani, kwenye prosesa, ram na diski. Hayo matatu ndiyo nitakayokaa nayo sana leo, kisha nieleze ni nani hasa anayehitaji mashine ya bei kubwa, na mambo ya huku kwetu Pwani ambayo muuzaji hakwambii.

Ile mpya ya elfu thelathini na kitu

Tuanze na mashine ambayo wazazi wengi huonyeshwa wakiingia madukani Digo Road au Moi Avenue, bado imo ndani ya boksi lake, nailoni haijachanika. Bei niliyozoea kuikuta ni kati ya 30,000 na 45,000. Ni nyembamba, nyepesi, ina rangi ya kupendeza macho. Ukisoma karatasi yake utakuta maneno kama haya: Celeron N4020 au N4500, ram GB 4, hifadhi GB 64 eMMC.

Hapo ndipo penye shida. Celeron hizo zina viini viwili tu vya kufanyia kazi, na zilitengenezwa kwa kazi nyepesi. Ram nayo ichukulie kama meza ya fundi cherahani. Nguo inayoshonwa sasa hivi hukaa juu ya meza, na meza ikijaa, fundi hutumia wakati wake kuinama na kuinuka akitoa vitambaa sakafuni. Windows 11 peke yake ikishawaka humeza nusu ya zile GB 4 ama zaidi. Mwanafunzi akifungua Chrome yenye kurasa sita, Word, na mhadhara wa Zoom, meza imejaa. Ndipo unapoona kile kiduara kinazunguka, na sauti ya mhadhiri inakatikakatika, mzazi anadhani intaneti ndiyo mbovu.

Na hiyo eMMC ni aina ya hifadhi iliyo karibu zaidi na ile ya simu za bei nafuu kuliko SSD ya kweli. Kasi yake ya juu kabisa ni kiasi cha MB 400 kwa sekunde, ilhali SSD ya NVMe, hata ya kawaida tu, hupita MB 2,000. Halafu katika GB 64, Windows yenyewe inachukua zaidi ya GB 20, na kila sasisho linataka nafasi ya kupumulia. Anachobakiwa nacho mwanafunzi ni kijisehemu cha kuweka pdf zake na picha za Idd. Kubwa kuliko yote, eMMC imechomelewa kwenye bodi, na ram mara nyingi vivyo hivyo. Ukimpelekea fundi akuongezee, ataifungua, aitazame, na akurudishie.

Sisemi haina kazi kabisa. Kwa mzee anayetaka kusoma habari, kusikiliza darsa, kuandika barua na kujaza iTax yake mara moja kwa mwaka, inamtosha. Pia si kila mpya ya bei ya chini iko hivyo. Kuanzia 2023 Intel iliacha kutumia jina la Celeron katika prosesa mpya za laptopu, na ikaleta N100 yenye viini vinne. Ukiipata hiyo ikiwa na ram GB 8 na SSD ya GB 256, na moyo wako haukubali kabisa kitu kilichotumika, chukua. Lakini mashine ya GB 4 na eMMC, kwa mtoto anayekwenda kusoma miaka minne, siishauri kwa mtu yeyote.

Kusoma nambari

Muuzaji atakwambia, "Hii ni i7 boss," halafu anyamaze, kana kwamba amemaliza. Hajamaliza. Mwambie akuonyeshe nambari inayofuata baada ya kistari, kwani ndiyo inayosema kizazi cha prosesa. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8250U ni cha 8. Nambari ikianza na 10, 11, 12 au 13, hicho ndicho kizazi chake: i5-1135G7 ni cha 11, i3-1215U ni cha 12.

Kwa nini hili lina uzito? Tazama. i7-6600U ina viini viwili. i5-8250U ina viini vinne. i3-1215U ina sita. Kwa hiyo i3 ya juzi inaiacha mbali i7 ya zamani, na bado kuna watu wanaongezwa elfu tano kwa sababu ya herufi na tarakimu moja kwenye stika. Uliza kizazi kwanza, kisha ndiyo uulize i ngapi.

Na katika vizazi hivyo kuna mpaka mmoja wa kuukariri, kizazi cha 8. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, au AMD Ryzen za karibuni. Mashine za kizazi cha 6 na 7 ambazo unazikuta kwa bei ya kutupa zimebaki nje ya mlango huo. Fundi atakwambia anaweza kukuwekea Windows 11 kwa ujanja. Anaweza, kweli. Ila Microsoft haihakikishi kwamba mashine iliyopitishwa dirishani itaendelea kupata masasisho ya usalama, na laptopu ambayo mtu anafungulia M-Pesa ya biashara yake au akaunti ya benki, mimi nisingeiacha hivyo.

Mtumba wa ofisini

Sasa nifike kwenye njia ambayo swali la "ya chini au ya juu" huificha. Kuna laptopu zilizotengenezwa kwa ajili ya makampuni: Lenovo ThinkPad za mfululizo wa T, Dell Latitude, HP EliteBook. ThinkPad ilianzishwa na IBM mwaka 1992 na ikahamia Lenovo mwaka 2005, na kwa muda wote huo mteja wake mkuu amekuwa ni ofisi inayonunua kwa mamia na kutaka mashine irekebishike. Zikiwa mpya, hizi huwa ni za laki na zaidi. Kampuni ikishazitumia miaka mitatu, minne, huzibadilisha zote kwa pamoja, na zile zilizotolewa hupanda meli hadi zikatufikia sisi kwa jina la "ex-UK".

Kwa maneno mengine, ukinunua ThinkPad T480, Latitude 7490 au EliteBook 840 G5, zote za mwaka 2018, unanunua laptopu ya bei ya juu iliyoshuka bei. Kwa kawaida nazikuta kati ya 25,000 na 38,000, ikitegemea hali yake na ram iliyomo. Bei hiyohiyo ya ile Celeron. Nataja mwaka 2018 makusudi, kwa sababu ndipo kizazi cha 8 kilipoenea. Lakini usitegemee jina la modeli pekee, maana baadhi ya mashine za majina hayohayo zilitoka na prosesa ya kizazi cha 7. Rudi kwenye nambari.

T480 ndiyo ninayoipenda zaidi, nisifiche. Ina nafasi mbili za ram, kwa hiyo ukianza na GB 8 leo, mwakani fundi anachopeka nyingine dakika chache tu. SSD yake inatoka na kuingia. Ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje unaichomoa kwa mkono bila bisibisi. Ni nene kidogo, nyeusi tii, haina urembo wowote. Lakini kibodi yake mtu anaweza kuandikia tasnifu nzima bila vidole kulalamika.

Jirani yangu mmoja, mjane anayeuza mahamri na mbaazi, alipokea zamu yake ya upatu, shilingi 38,000. Binti yake alikuwa ameitwa Pwani University kule Kilifi kusomea ualimu. Mama alikuwa ameshaipenda laptopu moja mpya dukani, ya rangi ya waridi, Celeron kamili. Nilipomtajia ya mtumba aliniangalia kwa muda, akasema, "Kaka, wenziwe wote watakwenda na vipya. Wangu aonekane ametumwa na makombo?"

Sikumcheka. Neno lile lina uzito wake, na mtu aliyeamka saa tisa za usiku miaka mingapi kukanda unga ana haki ya kutaka mtoto wake aingie chuo na kitu chenye kung'aa. Nilichomwomba ni twende watatu, tuzipime zote mbili mbele ya muuzaji. Binti ndiye aliyefanya kazi. Alizima na kuwasha kila moja, akafungua Chrome kurasa kumi, Word, na video juu yake. Ile ya waridi ilikuwa bado inahangaika na ukurasa wa nne wakati ThinkPad imeshamaliza na video inacheza. "Mama," akasema, "hii nyeusi ndiyo nitakayosomea. Ile nyingine nitaipigia picha tu." Walilipa 31,000. Elfu saba zilizobaki mama alizifunga kwenye kanga, na kwa nilivyoambiwa zilinunua godoro la hosteli.

Ukaguzi kabla ya kutoa pesa

Mtumba una hila zake, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Kijana mmoja tunayeswali naye aliuziwa mashine yenye stika ya i7, na ndani yake ni i5 ya kizazi cha 4. Stika ni karatasi. Mtu hununua pakiti nzima. Ukifika dukani bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uingie kwenye sehemu iliyoandikwa Performance. Hapo mashine inajitaja yenyewe: prosesa gani, ram kiasi gani, diski ni SSD au ni ile ya kuzunguka. Ikiwa ni ya kuzunguka, HDD, sharti lako liwe wabadilishe waweke SSD kabla hujalipa.

Baada ya hapo pima betri, na usikubali kuambiwa "inashika masaa manne". Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua kile kidirisha cheusi, kisha andika powercfg /batteryreport. Mashine itatengeneza faili na kukwambia imeliweka wapi. Lifungue utafute mistari miwili: Design Capacity, yaani ujazo betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, ujazo inaoweza kubeba leo. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 30,000, betri imebaki asilimia 60. Mimi nikikuta chini ya asilimia 70 huomba bei ipunguzwe. Chini ya 50 nahesabu kwamba nanunua betri nyingine, na hiyo nayo naitoa kwenye bei. Wauzaji hawapendi mteja anayejua amri hii. Na waiandike tu.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwa macho, nayo ni kufuli la kampuni iliyokuwa na mashine. Izime, iwashe, na wakati inawaka bonyeza F1 kama ni ThinkPad, F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP. Ikikudai neno la siri kabla ya kukuonyesha chochote, irudishe mezani. Siku diski itakapoharibika, kufuli hilo linaweza kukuzuia usiweke mfumo mpya. Kwa MacBook, hakikisha mwenyewe wa kwanza ametoka kwenye akaunti yake ya iCloud. Ikiwa bado imefungwa kwake, ulichonunua ni bati la aluminiamu. Pia iwashe kuanzia mwanzo uone kama haileti ukurasa wa kusema inasimamiwa na kampuni fulani.

Yaliyobaki ni ya macho na vidole. Fungua ukurasa mweupe utazame madoa kwenye kioo, bonyeza kila herufi, chomeka flashi kila tundu, piga picha kwa kamera, fungua na kufunga kifuniko usikie kama bawaba zinalia. Kioo chenyewe kiwe cha 1920 kwa 1080. Zile za 1366 kwa 768 bado zimejaa sokoni, na anayesoma jedwali la Excel juu yake hutumia nusu ya siku kusogeza huku na kule. Usishangae ukikuta alama ya pauni juu ya tarakimu 3, au @ imehamia pengine. Hiyo ni kibodi ya Uingereza, vidole huzoea. Faida yake ni kwamba chaja ya Uingereza ina pini tatu za mraba kama soketi zetu, huhitaji adapta.

Chromebook nazo zinauzwa sana kwa wazazi siku hizi, elfu kumi na kitu, nyingi zikiwa zilizotoka shule za Marekani. Kila moja ina tarehe ambayo Google huacha kuipa masasisho, na kwa nyingi za rahisi tarehe hiyo imeshapita. Isitoshe, SPSS haiingii humo, wala Word kamili ya Windows. Ni za mtoto wa shule ya msingi, tena mtoto mwenye WiFi nyumbani.

Ni nani anayehitaji ya laki na nusu?

Wapo. Na nisionekane kama nazichukia; laptopu nzuri ya bei kubwa ni raha kuitumia. Pesa ile inanunua kioo ambacho unaweza kukisoma barazani mchana, mwili wa chuma usiopinda, betri ya kukutoa asubuhi hadi magharibi, na kasi isiyolegea mashine ikipata joto. MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, haina feni hata moja na bado inafanya kazi ambazo mashine nyingi za wakati wake zilizifanya kwa kelele za jenereta.

Kijana wa Likoni anayepiga video za harusi alikuja kwangu na hesabu zake. Alikuwa na laptopu ya zamani iliyokuwa ikikesha kutoa video moja ya masaa mawili. Stima ikikatika alfajiri na betri ikiwa imekufa, anaanza upya. Mwezi wa harusi, kabla ya Ramadhani, kazi zinapangana foleni, na bibi harusi hana subira. Huyu nilimwambia atafute Mac ya M, kwa sababu chipu hizo zina sehemu maalumu ya kushughulikia video za H.264 na HEVC, na betri yake inamvusha stima ikipotea. Mashine inamwingizia pesa kila Jumamosi. Hesabu yake anaijua kuliko mimi. Mwandishi wa programu anayefanya kazi na watu wa ng'ambo naye namweka kundi hilo, na msanifu wa majengo.

Kwa msanifu, hata hivyo, kuna tahadhari. Revit haina toleo la Mac, wala ArcGIS Pro ya wenye kusomea ramani na mipango ya ardhi. Nimeona mzazi akihangaika kununua Mac kwa mtoto wa kozi za aina hiyo, na baada ya wiki tatu mtoto akawa anaazima Windows ya mwenzake. Piga simu idarani uulize wanatumia programu gani, na zinataka ram kiasi gani. Simu ya shilingi kumi.

Jambo jingine la mashine hizi nyembamba za bei kubwa ni kwamba uzuri wake umegharimu ufunguzi wake. MacBook za M zote, Dell XPS 13, ThinkPad X1 Carbon, ram zimechomelewa. Kwa hiyo ukishaamua kununua, nunua inayotosha tangu siku ya kwanza. Apple ilikuwa ikianzia GB 8 hadi Oktoba 2024, ilipopandisha MacBook Air za M2 na M3 zianzie GB 16 kwa bei ileile. Zile za GB 8 ndizo zinazosukumwa sasa kwa punguzo, na kwa mtu wa video si punguzo.

Kwa mwanafunzi wa kawaida, wa ualimu, biashara, sheria, dini, uuguzi, sioni sababu. Na kuna la usalama pia. Kijana anayepanda matatu Mtwapa kila asubuhi na kitu cha laki na nusu begani, analala nacho hosteli chumba cha watu wanne, hasomi kwa utulivu. Anakilinda.

Chumvi, joto na stima

Wanaoandika ushauri wa laptopu wengi wanaishi mahali ambapo chuma hakioti kutu ndani ya wiki. Sisi hewa yetu ina chumvi na unyevu, na vyote viwili huingia kwenye matundu na kukaa juu ya bodi. Bei kubwa haikulindi hapo; dhamana ya kawaida ya kiwandani haifuniki maji wala kutu. Usiiweke mashine dirishani penye upepo wa bahari, na usiifunike ikiwa inatumika. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vitie kwenye begi lake.

Joto nalo. Apple inasema MacBook zake zitumike penye joto la nyuzi 10 hadi 35, na gari lililofungwa vioo juani Nyali hupita hapo mapema sana. Betri za lithiamu huzeeka kwa joto, na huzeeka pia zikikaa asilimia 100 kila siku. Lenovo, Dell na Asus zina programu zao za kuzuia chaji isipite 80. Iwashe kama laptopu inakaa mezani muda mwingi. Wala usiiweke juu ya godoro, matundu ya hewa yanazibika. Mara moja kwa mwaka mpe fundi asafishe feni. Nimeona laptopu "mbovu" zikipona kwa brashi tu.

Stima ikirudi baada ya kukatika, hurudi kwa kishindo, kwa hiyo chomoa chaja ikizimika na usubiri itulie. Nunua chaja ya asili, na ukiweza chagua mashine inayochajiwa kwa USB-C, maana chaja ya wati 65 ya ThinkPad itachaji hata laptopu ya mwenzako ikiwa yake imepotea. Kwa ndugu zetu wa Lamu na visiwa vyake hili lina uzito zaidi: kipuri kinatoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Mashine ambayo vipuri vyake viko kila duka la fundi itakurejea mapema. Ile ya aina adimu itakaa kabatini ikisubiri.

Kuhusu za kuletewa kutoka Dubai au Muscat, bei inaweza kuwa nzuri, na soketi zao ni za pini tatu kama zetu. Mwambie ndugu yako aulize dukani kama dhamana inafanya kazi Kenya, kwa sababu nyingine haivuki mpaka. Kibodi yenye herufi za Kiarabu, kwa mwalimu wa madrasa, ni neema ya bure.

Na mikopo ya "lipa mdogo mdogo": soma karatasi yote. Bei ya kulipa kwa muda ikiwa imetajwa na kukubaliwa tangu mwanzo, wanazuoni wengi hawaoni ubaya. Kinachotia shaka ni nyongeza inayozidi kila ukichelewa, na mara nyingi imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Muulize sheikh wako ukiwa na karatasi mkononi. Kisha piga jumla: nimeona laptopu ya 35,000 ikimalizia 52,000.

Mwisho, risiti. Iwe na jina la duka, tarehe, prosesa, ram na diski kama mlivyokubaliana, siku za dhamana, na nambari ya mfululizo ya mashine, ile inayoandikwa chini yake karibu na S/N. Iandike mbele ya muuzaji na uilinganishe wewe mwenyewe, herufi kwa herufi, kisha ipige picha na umtumie mtu mwingine nyumbani. Ikiibiwa, polisi watakuuliza hiyo. Na ukisimamishwa njiani uulizwe umeitoa wapi, hiyo ndiyo ya kuonyesha. Duka lisilotaka kuiandika nambari hiyo, toka.